Tangazo Lililokosewa Namba

Mtaa mzima walimwita Herufi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kila kilichoandikwa kwa rangi na brashi katika mtaa ule, yeye ndiye aliyekiandika: duka la dawa, kinyozi, "Usitupe Taka Hapa", hadi namba za nyumba kwenye mageti, zote, moja moja. Namba hizo zilimla wiki tatu. Aliziandika kwa rangi nyeupe akazitia kivuli cheusi, mtu akipita na gari mbio anazisoma bila kukodoa macho. Ukimwonyesha Herufi neno lililopinda, siku hiyo chakula hakimshuki.

Mtu wa namna hiyo ungedhani na mambo yake yamenyooka. Thubutu. Zilikuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, mteja anaingia na picha kwenye simu, anatoka na bango kabla chai yake haijapoa. Kazi za Herufi zikapungua mpaka zikabaki za makaburi na za nyuma ya malori. Na nyumba alikuwa ameichukua kwa mkopo wa benki wa miaka ishirini, na kumi na mmoja alikuwa keshalipa. Mwezi mmoja akashindwa. Wa pili akashindwa. Wa tatu hela alikuwa nazo, lakini binti yake alikuwa chuo cha uuguzi na ada ilikuwa imefika. Akaziangalia hela, akaiangalia barua ya benki, akaenda kulipa chuo.

"Dawa ya deni ni kulipa," mkewe alimkumbusha. Mkewe alikuwa fundi cherehani, alishonea pale pale sebuleni, na alikuwa na kipaji cha kuzungumza vizuri akiwa na pini mdomoni.

"Najua. Lakini dawa nayo inanunuliwa."

Wakakaa, wakajadiliana, wakaona hawaliwezi deni lile hata wafunge mikanda mpaka ikatike. Basi hawatalipa tena. Watangoja. Benki itakuja kuuza siku itakayopenda, na mpaka siku hiyo, kile kilichokuwa kiende benki kitamsomesha mtoto. Liwalo na liwe. Siri hiyo walimwambia mtu mmoja tu, kaka yake mke, karani wa mahakama, aliyeyajua mambo ya minada nje ndani. Mtaani hakujua hata paka.

Sasa watu wanadhani kungoja kufukuzwa ni kulia kutwa kucha. Wapi. Wiki za kwanza, sawa, pikipiki ikisimama nje moyo unakuruka. Lakini binadamu huzoea. Mfereji wa bati ulipoanguka, Herufi alichungulia dirishani, akarudi kukaa.

"Hutoki kuurudisha?" mkewe akauliza.

"Nyumba ina mwenyewe. Mwambie mwenyewe."

Ikawa ndiyo lugha ya nyumba. Mlango wa choo ukigoma, "mwambie mwenyewe". Panya akipita darini, "huyo ni mgeni wa mwenyewe". Mke akicheka, pini zinamtoka mdomoni. Lakini Jumamosi ikifika, alikuwa anapiga deki mpaka sakafu inateleza, na Herufi akimuuliza anampigia nani deki, hamjibu.

Wakaishi hivyo miezi kumi na minne. Binti akabakiza mihula miwili.

Ndipo siku moja asubuhi ikaja pikapu ya dalali wa mnada. Dalali mwenyewe hakuwemo. Alikuwemo dereva wake, baba mzima mwenye tumbo lake, ndiye yule yule aliyekuwa akileta barua, hivyo nyumba aliijua. Akashuka na kopo la rangi iliyobaki kwenye kazi nyingine, akatoa karatasi mfukoni, akaanza kuuandika ukuta. Herufi na mkewe wakasimama nyuma ya pazia. Dereva aliandika herufi za kwanza kubwa, nafasi ikamwishia, akazibana za mwisho. Mstari ukaanzia kifuani ukaishia magotini. Alipoondoka, ukuta ulisema hivi: NYUMBA HI INAUZWA KWA MNANDA KIWANJA NA 46.

Mtu mwingine angeona nyumba yake inauzwa. Herufi aliona MNANDA.

"Mnanda," akasema, mkono kichwani. "Mke wangu, ametuandikia mnanda."

"Tulia, soma mpaka mwisho," mkewe akamwambia. "Sisi ni namba ngapi?"

Wao walikuwa sitini na nne. Namba hiyo Herufi aliiandika kwa mkono wake kwenye geti lake, na kivuli chake juu. Arobaini na sita ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mkunga mstaafu.

Jioni hiyo karani wa mahakama akaitwa. Akausoma ukuta, akaingia ndani anacheka kama aliyeokota pesa.

"Kiwanja kimekosewa, shemeji. Hata karatasi yao itakuwa imekosewa, huyo dereva hakutunga. Sikilizeni. Mkikaa kimya mpaka siku ya mnada ifike, mnada ni batili. Wataanza upya, notisi upya, kila kitu upya. Hiyo ni miezi sita mizima."

"Miezi sita," mke akarudia. Akamtazama mumewe. "Ada ya mihula miwili hiyo."

"Ila huyu mtu wako asiguse kitu," kaka akasema, akimwonyesha Herufi kwa kidevu. "Namjua."

Naye alimjua kweli. Herufi akitoka kwenda kazini alikuwa anapita ukutani amegeuza shingo upande wa pili. Akirudi, hivyo hivyo. Siku ya tatu mkewe alimkuta uani anachanganya rangi nyeupe kidogo, kidogo tu, akadai ni ya kumalizia neno HII, i moja, i inamdhuru nani? Mkewe akalichukua kopo, akalifungia kabatini pamoja na vitambaa vya wateja.

"Ukigusa hata nukta," akasema, "utalala na mwenyewe."

Wateja wa nyumba nao wakaanza kuja. Wanasimama mbele ya ukuta, wanasoma, wanatafuta namba arobaini na sita kwenye mageti, wanaiona, maana nani asiyeiona, imeandikwa na Herufi. Wanavuka barabara. Wa kwanza walikuwa mtu na mkewe na futi ya kupimia. Herufi alichungulia akacheka mpaka akakaa chini. Jamani, kila mtu ana haki ya kucheka kidogo benki ikipotea njia.

Siku ya tano mkunga akamwita.

Mama huyu alikuwa mjane, alikaa peke yake, na nusu ya watoto wa mtaa ule walianza kuliona jua mikononi mwake, binti yao akiwemo. Herufi alivuka barabara akidhani anaitiwa bomba au taa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita chumbani, usione haya."

Kitandani alikuwa amemwaga sanduku zima la makaratasi. Risiti ya baiskeli, risiti ya redio, vyeti, barua zenye mihuri iliyofifia, mtu yule alikuwa hatupi kitu.

"Wewe ni mtu wa maandishi," mkunga akasema. "Macho yangu hayanitoshi. Nitafutie humo mahali marehemu alipoikopea nyumba yangu."

Herufi akashika karatasi moja, akaisoma kama anatafuta kweli. Akashika ya pili. Akainua macho asimtazame mama, na hapo ukutani akaona fremu imening'inizwa kinyume, ubao nje, picha ndani.

"Ile..."

"Ndiye. Nimemgeuza." Mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda. "Miaka thelathini na minane nimelala na mtu, kumbe simjui. Watu wanaingia wananipimia hapa ninapolala, wananiuliza nahama lini. Kila asubuhi nilikuwa namwamkia, mwanangu. Leo siku ya tano simwamkii."

Herufi aliiweka risiti ya redio juu ya risiti ya baiskeli, akazinyoosha kingo. Akili ilimwambia, funga mdomo, miezi sita hiyo. Mdomo haukusikia.

"Mama, marehemu hakukopa. Nimekopa mimi. Nyumba inayouzwa ni yetu, namba wamekosea."

Mkunga akayasukuma makaratasi pembeni.

"Na ulikuwa unajua, tangu siku ya kwanza?"

"Nilikuwa najua."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Hakumtukana. Aliinuka, akasimama mbele ya fremu, akanyanyua mkono, akaushusha.

"Mgeuze wewe," akasema. "Mimi namwonea haya."

Herufi akamgeuza. Mzee alikuwa na tai iliyokwenda upande na uso wa mtu asiyedaiwa. Herufi aliinyoosha fremu mpaka ikasimama wima, akaaga.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, pini mdomoni. Akamweleza yote akiwa amesimama. Mkewe akasimamisha mguu, gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likatulia.

"Miezi sita, baba."

"Najua."

"Mihula miwili ya mtoto."

"Najua."

Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. Alichukua muda wake.

"Amemgeuza mumewe ukutani?"

"Amemgeuza."

"Siku tano?"

"Siku tano."

Mke akainuka, akafungua kabati, akatoa kopo la rangi. "Ngazi iko nyuma ya choo," akasema.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mtaa umejaa. Herufi alifuta maandishi ya dereva yote, akaupaka ukuta weupe, ukakauka kwa jua. Akapiga mistari kwa chaki na uzi. Halafu akaandika. Kinyozi alikuwa wa kwanza kuacha kichwa cha mteja nusu na kuja kutazama.

"Herufi, unauza nyumba yako mwenyewe?"

"Benki inauza. Mimi naandika."

Vicheko vikatoka, vikakatika, maana watu walikuwa wanasoma. NYUMBA HII INAUZWA KWA MNADA. KIWANJA NA. 64. Nyeupe isingeonekana juu ya nyeupe, kwa hiyo alitumia nyekundu akaitia kivuli cheusi, tarakimu zikasimama kama zinataka kutoka ukutani. Siri waliyoifuga miezi kumi na minne, mtaa mzima sasa uliisoma tangu kwenye kituo cha mafuta. Iliuma, tusidanganyane. Mkewe alisimama chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na yeyote aliyemtazama, naye alimkazia macho mpaka yule akaangalia pembeni. Ng'ambo, mkunga alileta kiti chake getini, akakaa hapo mpaka kazi ikaisha.

Herufi akampigia dalali mwenyewe. Dalali akadhani ni ujanja, akaja, akauona ukuta, akauliza nani ameandika, akaupiga picha kwa simu. Karatasi ikasahihishwa. Mnada ukapangwa baada ya wiki mbili.

"Nilikuwekea miezi sita mkononi, shemeji," karani wa mahakama alisema. "Mkononi." Alikunywa chai yake yote na ya dada yake bila kujua.

Siku ya mnada watu walijaa hadi barabarani. Dalali alisema hajawahi kupata umati ule kwa nyumba ya vyumba vitatu, na tangazo ndilo lililowaita. Walishindana, bei ikapanda ikalivuka deni. Kilichobaki kilitosha muhula mmoja wa mtoto na kodi ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Muhula wa mwisho mkewe alisema ataulipia kwa sindano, akaanza kupokea sare za shule mbili nzima.

Nyumba ilichukuliwa na mfamasia mmoja, mtu mpole, mwenye mke na watoto wadogo. Mwezi haujaisha akapiga simu.

"Fundi, watu bado wananigongea wanauliza bei. Kila siku. Nakuomba uje ulifute lile tangazo, uandike NYUMBA HII HAIUZWI. Lakini kwa mkono ule ule."

Herufi alisema atakuja. Mkewe alikuwa amesikia.

"Utaweza?"

"Maneno matatu tu."

"Basi mtoze mara mbili," mkewe akasema, akarudi kwenye sare zake.

Alikwenda asubuhi, ngazi begani, ndoo ya rangi mkononi. Njiani alimsalimia kinyozi, akamwamkia mkunga. Kichwani alikuwa anapima nafasi za herufi, HAIUZWI ina I mbili, nyembamba zile, itabidi zipewe hewa. Akafika getini bado anapima. Aliweka ndoo chini, akapitisha mkono kwenye tundu, vidole vikashika komeo kama vilivyolishika miaka kumi na miwili, vikaanza kuliinua.

Akasimama hapo, komeo likiwa mkononi. Akaliachia polepole lisilie. Akautoa mkono, akarudi nyuma hatua moja.

"Hodi," akasema.

Ndani maji yalikuwa yanamwagika kwenye vyombo. Akasema tena, kwa sauti zaidi, na maji yakafungwa.

"Nani?" mwanamke akauliza.

"Fundi," akajibu Herufi, akangoja afunguliwe.