Gari la Mkwe Halikaguliwi

Mpaka leo ndugu wa upande wa baba yangu wanasubiri niombe radhi. Wanasema nilimvunjia heshima baba yangu mdogo, nyumbani kwake Nyakato, mbele ya mume wangu, kwa kuinua zulia la gari lake. Sikatai kwamba niliinua zulia. Ningekuwa na nguvu ningeinua na gari lenyewe.

Tulihitaji gari kwa sababu moja tu. Binti yetu ana selimundu, na maumivu yakimshika hayaulizi kama kuna mvua au kama bajaji zimeadimika. Tunakaa Mkolani, kule juu kwenye mawe, ambako dereva wa bodaboda akiona tope anapiga simu kusema nimkute chini barabarani. Nimeshuka mlima ule na mtoto mgongoni, analia kila ninapokanyaga jiwe. Nilitaka gari ambalo ukiliwasha linawaka na ukikanyaga breki linasimama, basi. Sikutaka la kwendea harusini.

Baba mdogo akapata habari. "Ya nini kwenda kwa madalali wawaibie, na la kwangu lipo?" alisema kwenye simu. "Mali ibaki nyumbani."

Mume wangu alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Baba yangu alipofariki, baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pake, na ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari nilipoolewa. Kwa hiyo kwa mume wangu yule ni mkwe kamili, na mbele ya mkwe mume wangu hukaa kwenye ncha ya kiti. Akipewa chai isiyo na sukari ataisifu.

Njiani nilimwambia, "Tukifika, lala chini uangalie kutu na oili inayovuja."

"Nilale chini mbele ya mkwe? Miguu yangu iko nje, na yeye kanisimamia miguuni?"

"Basi fungua hata boneti."

"Mke wangu, gari la mkwe halikaguliwi. Ukilikagua umemwita mwizi."

Tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Shikamoo zikaitikiwa, tukaletewa ugali na sato wa kukaanga, na soda juu yake. Kadiri mume wangu alivyozidi kushukuru ndivyo nilivyozidi kuchemka, maana mtu akishakula sato wa mkwe, mdomo wake umefungwa. Nikasema naenda kunawa. Nikaenda kwenye gari.

Lilikuwa jeupe, linang'aa hadi kwenye matairi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile lilikuwa limevishwa kama linakwenda kuposwa. Lakini marehemu baba yangu aliendesha malori ya pamba maisha yake yote, na alinifundisha kwamba rangi ya gari ni ya kuwaonyesha wageni. Ukitaka kulijua, tazama mahali ambapo mwenyewe huwa hapafuti.

Niliweka mkono kwenye boneti. Ilikuwa ya moto, na tangu tufike gari halikutoka uani. Kumbe lilipashwa mapema, ili likija kuwashwa mbele yetu lisigome. Nikaifungua. Kifuniko cha oili, kwa ndani, kilikuwa na utando mzito kama maziwa mgando, maana yake maji yalikuwa yameingia kwenye oili na wenyewe wakaendelea kutembea hivyo hivyo. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya matofali. Matairi yalikuwa manne na kila moja lina ukoo wake. Mikanda ya kiti cha nyuma, pale ambapo binti yangu angelazwa, ilikuwa imechomekwa chini ya kiti, na nilipoivuta haikutoka.

Halafu harufu. Walikuwa wametundika manukato kwenye kioo, lakini dagaa hafichiki. Nikainua zulia, zulia jipya kabisa, na chini yake sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hata ikabonyea kwa kidole gumba. Magamba ya samaki yamegandia pembeni. Gari lilikuwa likibeba samaki kutoka mwaloni, wanakoshushiwa ziwani, maji ya barafu yakichuruzika humo siku nenda siku rudi, na hakuna aliyewahi kufunua apakaushe.

Kuchakaa si dhambi. Hata mimi nachakaa. Kilichoniwasha ni kwamba gari lile lililia miaka yote hiyo, likavuja, likanuka, likatetemeka, na hakuna aliyejali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa. Baba mdogo hakuziba ufa wala hakujenga ukuta. Alinunua zulia.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?" Alikuwa amesimama nyuma yangu, na mume wangu nyuma yake.

"Natafuta sakafu, baba."

"Unampekua baba yako?"

Mume wangu alitazama chini kama kadondosha kitu. Hapo ndipo nilipomkumbusha baba mdogo wale ng'ombe. Siku walipoletwa aliingia zizini mwenyewe na fimbo yake. Aliwafungua midomo akatazama meno, akawainua kwato, akawabinya viwele. Mtamba mmoja alikuwa anachechemea kidogo mguu wa nyuma, akamkataa mbele ya watu wote, akasema binti yetu haolewi kwa ng'ombe kiwete. Wajomba wa mume wangu wakamswaga kumrudisha juani, wakaleta mwingine. Na hakuna aliyesema wameitwa wezi.

"Ng'ombe ni ng'ombe," alisema. "Hapa tunasaidiana kifamilia. Kama hamtaki msaada, semeni."

Mume wangu, ili aibu ipite, aliomba funguo. "Baba, samahani, ngoja tulijaribu kidogo tu hapo barabarani." Akaingia, akaliwasha. Likawaka. Baba mdogo akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mjukuu wao, msichana aliyelingana na binti yangu, alisikia mlio akatoka mbio ndani ya nyumba akicheka, akafungua mlango wa nyuma, akarukia kiti.

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alikuwa anaosha vyombo. Aliacha sufuria ikabingirika, akaja mikono ikiwa na povu, akamkamata mtoto mkono, akamvuta nje kwa nguvu hata kandambili moja ikabaki garini. "Shuka! Nimekwambia mara ngapi usipande hilo?"

Kisha akatuona. Injini ikaendelea kutetemeka.

"Mama mdogo," nikamwuliza, "wa kwako ashuke, wa kwangu apande?"

Alijifuta povu kwenye kanga, akajifuta tena. Mume wangu akazima gari. Akaokota kandambili, akamvisha mtoto taratibu, akaweka funguo juu ya boneti, na kwa mara ya kwanza tangu anioe aliondoka kwa mkwe wake bila kuaga.

Sasa wazee wametuma ujumbe kwamba niende Nyakato nikapige magoti, yaishe. Mume wangu amekataa kunisindikiza, na amekataa pia kunishauri niende. Majuzi tumemshusha tena binti yetu mlimani, tukipokezana mgongo, naye analia kila jiwe.

Nimewajibu wazee kwamba magoti ninayo na nitayapiga. Mama mdogo ampakie mjukuu wake kwenye gari lile, amfunge mkanda, waje nalo mpaka Mkolani. Watanikuta nimeshapiga magoti kwenye tope, nawasubiri.