Consolée, wa Kwanza wa Mwaka wa Kwanza

Consolée alikuwa na wivu, na tusimtafutie jina zuri zaidi. Miaka kumi na minne alikaa kwenye meza ya apparitorat, ofisi inayoandikisha wanafunzi wa chuo kikuu pale Uvira, akigonga mihuri, huku mwenzake Pudentienne akipanda tu: asistanti, kisha safari ya Kinshasa, akarudi na udaktari, akawa profesa. Sasa barua ya waziri ilikuwa imefika. Pudentienne ndiye rekta, mkuu wa chuo kizima.

Wote wawili walitoka Lubarika, wakaanza chuo siku moja, wakalala kitanda kimoja nyumbani kwa shangazi yake Consolée. Mwisho wa mwaka wa kwanza, palmarès ya matokeo ilipobandikwa ukutani, Consolée alikuwa wa kwanza. Pudentienne alikuwa ajournée, yaani ameanguka, arudie mitihani. Consolée aliibandua karatasi ile kwa mikono yake na kwenda nayo. Miaka mingi baadaye, ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, majirani walikimbia na magodoro. Yeye alitoka na ile karatasi kichwani, ndani ya plastiki, ndipo akakumbuka masufuria.

Kila sifa ya Pudentienne ilimchoma. Maji hayo hayo yalipofunga madarasa, Pudentienne, wakati huo katibu mkuu wa masomo, aliomba ukumbi wa parokia na vipindi havikukatika hata wiki moja. "Kwani ukumbi ni wake?" Consolée alisema. Wanafunzi wa Bijombo, kule milimani, waliposhindwa kushuka kwa sababu ya vita, Pudentienne aliwapangia mitihani mingine. "Anatafuta jina tu." Lakini moyoni alijua kwamba naye angefanya vilevile kama angepewa nafasi, na hilo ndilo lililomkata maini.

Siku ya kumsimika rekta, Consolée alikaa nyuma, simu mkononi. Picha ya palmarès ilikuwa tayari, na karatasi yenyewe alikuwa nayo mkobani. Kidole kimoja tu, nayo ingeingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote. Alimwona mwenzake kwenye jukwaa, joho jipya limemkaa vizuri mabegani, akamchukia mpaka mate yakamkauka. Amalize kwanza kujisifu, alijiambia.

Pudentienne akashika maikrofoni.

"Mwaka ya kwanza hapa, miye nilianguka. Ajournée! Karatasi ilibandikwa pale inje, kila muntu aliona."

Ukumbi ukacheka, kisha ukalipuka kwa makofi. Jamani, hata kuanguka kwake kulipigiwa makofi!

"Na mwenye alinirudilia masomo likizo yote iko hapa. Dada Consolée, simama."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe watu walimpigia makofi, na macho yao yote yalikuwa kwa Pudentienne. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma, akaketi, akarudisha simu mkobani. Ingemsaidia nini sasa?

Kesho yake rekta alimwita ofisini. Fundi alikuwa ameshapiga msumari ukutani, nyuma ya kiti kikubwa.

"Dada, nakumbuka weye ndiye uliibandua ile palmarès. Kama ungali nayo, nipatie. Nataka kuitia mu kadre ya kioo, niitundike hapa."

Consolée aliutazama ule msumari. Kitu kimoja tu alichomzidi mwanamke huyu duniani, nacho kitundikwe nyuma ya kiti chake, kiwe hadithi yake! Akakaza mkono juu ya mkoba.

"Ziwa iliipeleka, Madame Recteur. Ile mwaka ya maji."

Pudentienne alizunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, dada yangu. Ile njo karatasi moja tu yenye ilionyesha kama weye ulikuwa wa kwanza. Nilitaka watu waone jina yako pale juu."

Consolée alijibu asante. Mkoba ulikuwa mapajani pake, na karatasi ilikuwa ndani. Hakuufungua.