Nilivyoipima ndege ya Ukunda bawa moja, nikamponza aliyenitafutia kazi

Wakuu, salaam. Haya yalinikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Mkitaka kucheka chekeni, lakini mnisome hadi mwisho.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi ya ukarani kwenye kampuni ndogo ya ndege pale Ukunda, ikirusha watalii wa hoteli za Diani. Nilitafutiwa na Mzee Bakari, jirani yetu wa Munje, ambaye ndiye aliyekuwa akijaza ndege mafuta. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Tai shingoni, na jua lile!

Basi wakala mmoja wa Ulaya, aliyekuwa akituletea watalii, akataka ripoti kila mwezi: ndege yenu inatoa hewa ya ukaa kiasi gani?

Tukatazamana. Moshi wapimwaje?

Kumbe hupimi moshi, unapima mafuta. Unatumbukiza kijiti tangini kabla ya safari, unatumbukiza tena ndege ikirudi. Kilichopungua ndicho kilichoungua, na kila kilo ikiungua hutoa kilo tatu na ushei za hewa hiyo. Hesabu tu.

Sasa matangi yako mawili, moja kila bawa. Mimi na uvivu wangu nikawa napanda ngazi bawa la kushoto peke yake, kisha nazidisha kwa mbili.

Ripoti ikaenda. Wakala akasifu, ndege yenu safi mno! Nikatembea kifua mbele wiki nzima, wallahi.

Bosi wetu, bwana mmoja wa bara, akailinganisha na mafuta tuliyonunua.

"Mzee Bakari, ndege imekula kidogo, wewe umejaza mengi. Mengine yamekwenda wapi?"

Mzee wa watu, miaka yote kazini, anaulizwa mbele yetu kama mwizi. Akajibu tu, "Nipe hadi kesho, bwana."

Nje akaniita. "Mwanangu, bawa la kulia ulilipima?"

Nikatikisa kichwa.

Akanionyesha chini. Pale tunapoegesha pana mteremko. Asubuhi bawa la kushoto huwa juu, na matangi yameunganishwa kwa bomba, basi mafuta hukimbilia la kulia. Ndege ikirudi huegeshwa imegeuka, la kushoto liko chini, yanajaa kule ninakopima mimi, ikaonekana yameungua kidogo.

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Angekufukuza. Nilitaka useme mwenyewe."

Wakuu, niliona aibu mpaka machozi yakanilenga.

Asubuhi nikamweleza bosi kila kitu, nikampandisha ngazi akajionea. Alinifokea hadi wapagazi wakaja kutazama! Lakini alimwomba mzee radhi, na ripoti ikaandikwa upya. Ndege yetu safi ikawa chafu kama za wenzetu. Mimi nikaongezewa mwezi wa majaribio.

Nilichojifunza: uvivu wangu wa kupanda ngazi mara moja tu ulitaka kumharibia mtu jina la maisha yake.

Haya, nani mwingine humu amewahi kumponza aliyemtafutia kazi? Semeni, nisichekwe peke yangu.

Maana Mzee Bakari bado hajachoka. Hadi leo nikifika Munje, nikishampa shikamoo, huniwekea samaki na kusema, "Mgeuze, bwana karani. Ana upande wa pili."