Boneti Kwanza: Maisha Yangu ya Kupima Magari ya Dizeli

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu hakunipa spana wala ovaroli. Alinipeleka kwenye gari dogo la dizeli lililoegeshwa mbele ya gereji, hapa Busia upande wa Uganda, akaniambia niweke kiganja juu ya boneti.

"Unasikia nini?"

"Joto."

"Mwenyewe anasema haijawashwa tangu jana," akasema. "Wewe amini mkono wako. Injini ya dizeli iliyochoka inaamka kwa shida asubuhi, kwa hiyo muuzaji mjanja anaiamsha kabla hujafika."

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, nimetoka kuuza vipuri katika duka la marehemu baba yangu. Wanaume wa gereji walidhani nimekuja kupika chai. Fundi mkuu, mzee wa Kisamia asiyependa maneno mengi, hakuhangaika kuwajibu. Aliendelea kunifundisha mbele yao, na kazi ikawa yangu: kumpimia mnunuzi gari la mtumba kabla hajalichukua.

Injini ya petroli huwashwa na cheche. Ya dizeli hujiwasha kwa hewa kubanwa sana ndani ya silinda. Kubanwa huko tunakuita kompresheni, na kukishapungua injini imezeeka, hata kama rangi ya gari inang'aa. Basi nilijifunza kusoma moshi. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda zimechoka, au chujio la hewa limeziba. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huo ndio wa kuogopa, kwa sababu huenda maji yanaingia mahali pa moto.

Nilijifunza pia kulegeza kifuniko cha oili injini ikinguruma na kukiacha juu ya tundu lake. Kikirukaruka kama mfuniko wa sufuria, ringi za pistoni zimekwisha. Oili nyeusi haikunitisha kamwe, kwani dizeli huichafua oili upesi. Niliogopa ile mpya, nzito kama asali, iliyotiwa asubuhi ili kuficha moshi.

Baadaye nilihamia Malaba, kwenye yadi ya wasafirishaji. Meneja wa yadi alikuwa Mkenya, mtu wa mashati meupe hata katikati ya grisi. Nilipomletea jibu la haraka mno kuhusu gari fulani, alinirudisha.

"Madam, umeliona likiwa baridi?"

"Nimeliona."

"Umeliona likiwa na moto? Umelipandisha mlima likiwa na watu ndani? Bado? Basi hujaliona."

Mlimani ndipo tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, hujulikana kama bado ina pumzi. Klachi nayo hujulikana hapo: injini ikipiga kelele na gari halipandi, klachi inateleza. Tangu siku hiyo sikutoa jibu kabla ya mlima.

Nilipofika Tororo, karakana moja ilinipa cheo cha mkaguzi mkuu. Huko ndiko yalikonikuta mambo ambayo sikufundishwa na mtu.

Alikuja mkunga wa hospitali ya Masafu, jina lake Nabwire. Alitaka gari dogo la dizeli la kwendea kazini, na la kuwabebea kina mama wa kijijini kwake uchungu unapowashika mbali na msaada. Alifuatana na muuzaji. Muuzaji aliposhuka, nikaona ni Ismaili, mdogo wangu wa tumbo moja.

"Dada," akasema akitabasamu, "nimemwambia ukiangalia wewe, yatosha."

Nikagusa boneti. Ilikuwa moto. Nikawaambia waliache gari karakana lilale, warudi kesho asubuhi.

Jioni Ismaili alikuja nyumbani. Mama yetu, niliyekuwa nakaa naye, alikuwa akichambua mchele.

"Kesho sema tu gari iko sawa," Ismaili akaniambia. "Huku mpakani wote wanauza hivi."

"Na likimzimia njiani amebeba mtu wa kujifungua?"

"Mungu atasaidia."

"Mungu amenipa mikono ya kugusa, Ismaili."

Mama hakuinua uso. "Kuleni kwanza," akasema.

Asubuhi nilifungua rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, ikiwa baridi, nikawasha injini. Ilizunguka sana kabla ya kushika, ikatoa moshi mweupe. Mapovu yakaanza kupanda kwenye maji. Nikafunga rejeta, nikaminya mpira wake wa juu: mpira ulishakuwa mgumu kama fimbo, ilhali injini haijapata moto. Maana yake kompresheni ya silinda inavuja kuingia kwenye maji, ama kwa gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ama kwa hedi yenyewe. Niliyasema hayo mbele ya wote wawili, nikimtazama mdogo wangu.

Nabwire hakunishukuru. Alisema tu, "Nilishawaambia wenzangu wa wodini kwamba gari limepatikana." Ismaili aliingia ndani ya gari akaondoka bila kuaga.

Hakukanyaga kwetu mpaka Idi. Siku hiyo alikuja na nyama, akakaa, na baada ya kula akasema taratibu, "Nilifungua hedi. Imepasuka. Aliyeniuzia alinionyesha injini ikiwa na moto."

"Kwa nini hukuniita nikaiguse kabla?"

"Ungeniambia niache. Nami nilikuwa nimeshaipenda."

Mama akacheka, nasi tukacheka. Tangu hapo hakununua gari bila kunipigia simu. Nabwire naye alirudi, na safari hiyo alileta gari lililofifia rangi lakini lenye injini tulivu. Tulilipandisha mlima pamoja, nikampa mkono. Likamtumikia.

Leo nimestaafu na nimerudi Busia. Vijana wana kompyuta ya kuchomeka inayosoma hitilafu za injini. Ni chombo kizuri, nami nilikitumia miaka ya mwisho. Ila hitilafu hufutika kwa kubonyeza tu. Basi, vijana, endesheni gari muda mrefu mpaka zilizofutwa zirudi, kisha msome tena. Magari mapya yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Ulizeni kama bado limo, maana wengine hulitoa likiziba. Hayo yote yanasomeka. Kisichosomeka na kompyuta yoyote ni moyo wa mtu aliyekwisha kulipenda gari.

Juzi alikuja mwalimu kutoka Paya na gari dogo la dizeli. Nilizunguka, nikasikiliza, nikamwambia nozeli zimechoka na tabo inavuja oili.

"Sasa nisinunue?" akauliza.

"Kwani hujanunua?"

Akatazama chini. "Nilinunua jana, mama."

Nikamvutia kiti. Kabla ya kununua, tunatafuta sababu ya kukataa. Baada ya kununua, tunatafuta namna ya kuishi nalo. Kazi zote mbili nazijua. Nikamwambia afungue boneti, tuanze.