Harufu ya Katani Ndani ya Ndege

Badawy wa Kaloleni, pale Voi, alitengeneza nyaya za ndege miaka tisa bila kupanda ndege hata siku moja. Ukimwuliza sababu, anakujibu: "Kwani mpishi wa harusi huoa kila Jumamosi?"

Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanja cha ndege, ukiweza kukiita kiwanja: barabara ya changarawe, kibanda cha bati, na ngiri waliopita bila tiketi. Ndege ndogo za abiria zilitua hapo na watalii wa Tsavo, na taa au redio ikigoma, Badawy anaitwa. Mafundi wa Nairobi walikuja na mashine yenye mshale. Yeye aliingiza kichwa mlangoni, akafumba macho, akavuta hewa kama mama mkwe aliyeingia jikoni kwa mkaza mwana.

"Waya hunuka kabla ya kuwaka," alikuwa akisema. "Ukingoja moshi umechelewa. Huko juu hakuna pa kuegesha."

Desemba 1998, mchana wa Ramadhani, Kepteni Josephat alikuwa tayari kuruka na abiria kumi na wawili. Walikuwa wameketi wakijaribu taa za kusomea juu ya viti vyao. Badawy akapandisha begi la mwisho, akasita mlangoni.

"Kepteni, zima umeme. Kuna kitu kinaungua humu."

"Si wale wa shamba la mkonge wanachoma takataka!"

"Upepo unatoka kwetu kwenda kwao. Katani inaungulia ndani."

"Mzee Badawy, saumu imekupanda puani. Jana ulinusa nini, biriani?"

Abiria wakacheka, hata wasiojua Kiswahili.

"Hata mimi nimecheka," Badawy akasema. "Sasa zima."

Josephat alikuwa amechelewa saa nzima, na utani ukamwisha. "Nizime, nishushe watu, halafu ukose kitu? Basi leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa. Mwenye ndege nitamwambia mwenyewe."

Badawy alikuwa na watoto watano wanaokula kwa pua hiyo. Akavuta hewa tena.

"Sawa. Washushe."

Wakashuka wakinung'unika. Badawy akafungua skrubu za dari juu ya kiti cha nne. Humo nyaya zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani, ile ile ya magunia. Kamba ilikuwa imelegea, nyaya zikaning'inia na kusuguana na chuma mpaka ngozi ya plastiki ikachubuka. Katani ilikuwa imekuwa nyeusi, inafuka moshi mwembamba kama wa udi. Wangeruka hivyo, dari ingeshika moto wakiwa angani.

"Nani alifunga hii?"

Josephat akatazama viatu vyake. Juma lililopita nyaya zilikuwa zimelegea, naye akaomba kipande cha kamba kwa Nzomo, mlinzi wa kiwanja. "Ilikuwa ya muda tu, mzee."

Watu wa Voi hufunga kila kitu kwa katani: mbuzi, mlango, bampa ya lori. Ila mbuzi hapitishi umeme.

Badawy akakata palipoungua, akaweka nyaya mpya, akazifunga kwa kamba zisizoshika moto. Habari ya siku ya mwisho hakuna aliyeitaja tena. Josephat alisema tu, "Panda. Turuke wawili kwanza. Ukae chini ya kazi yako."

Abiria wote wakamgeukia Badawy. Yeye ndiye aliyesema ndege si salama, kwa hiyo ni yeye wa kusema sasa ni salama. Akapanda, akaketi kiti cha nne, akakosea kufunga mkanda mara mbili.

Wakaizunguka Voi. Mlima Sagalla ukapita dirishani, ikaja reli, kisha mabati ya Kaloleni. Taa zote zilikuwa zimewashwa, na kilichonuka humo ni jasho la Josephat peke yake. Badawy akabandika paji la uso kwenye kioo kama mtoto.

Walipotua, abiria wakapanda wenyewe bila kuitwa. Josephat akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Umeonaje, mzee wangu?"

"Bati la jikoni kwangu limeng'oka," Badawy akasema, akiitafuta baiskeli yake. "Mke wangu Mwanaesha miaka yote ananiambia panavuja, nami nambishia ni mvuke wa sufuria."