Udi wa Kwendea Uwanjani

Shangazi alianza kujifukiza udi tangu asubuhi, na mchezo wenyewe ulikuwa wa alasiri. Mama alimtazama tu. Tulikuwa wageni Matrah, kwenye bandari ya Omani, tumeteremka kutoka bara ya huko huko kwa gari la mizigo, mifupa inatuuma, na jamaa aliyetupokea alitupa khabari ya kutuchangamsha: Wamarekani waliokuja kutandaza mabomba ya mafuta wametengeneza uwanja mpya wa besiboli karibu na kambi yao, na Ijumaa ile watu wa mjini waliruhusiwa kwenda kutazama. Kisha akaongeza, kama jambo lisilo na uzito, "Na anayeumwagia maji uwanja ule ni Mzanzibari. Fundi bomba, mrefu, wa Malindi."

Mume wa shangazi yangu alikuwa fundi bomba, mrefu, wa Malindi. Alichukuliwa nyumbani Unguja wakati wa mapinduzi, sisi tukapanda meli bila yeye, na tangu hapo hakuna aliyejua kama yu hai. Miaka minne shangazi alikataa kuitwa mjane. Alipaka wanja, alitia hina, alivaa nguo za rangi, na wanawake wa kule bara wakamsema mpaka wakachoka, maana wao walikwisha kumzika mumewe vinywani mwao. Mimi nilikuwa mtoto, lakini mtoto wa kuelewa, na niliwachukia. Nawachukia mpaka leo, Mungu anisamehe.

"Dada, mafundi bomba ni wengi," Baba alimwambia mlangoni.

"Na warefu wa Malindi ni wengi vilevile?"

Baba akainama kutafuta viatu vyake.

Nilitarajia uwanja wa kutisha, kumbe ni kipande cha jangwa kilichosawazishwa: mistari ya chokaa, wavu wa waya nyuma ya mpigaji, na viti vya mbao vilivyopachikwa juu ya vipande vya bomba. Unguja tulizowea kriketi, kwa hivyo Baba alikaa akingojea vile vijiti vitatu visimamishwe. Havikusimamishwa. Mtu alipiga mpira kwa gongo, akakimbia, akazunguka, akarudi pale pale alipoanzia, na Wazungu wakashangilia.

"Sasa kafika wapi huyo?" Mama akauliza.

Nilicheka peke yangu. Shangazi hakuwa akitazama mchezo. Alikuwa akimtazama mtu mmoja nje ya mistari, karibu na pipa, ametugeuzia mgongo, anakunja mpira wa maji. Alikuwa mrefu kweli. Shangazi akanishika mkono. "Ndiye," akaninong'oneza. "Nnaujua mgongo wake."

Tukateremka sisi wawili. Mimi nikawa nnaomba kimoyomoyo, ya Rabbi awe yeye. Tulipokaribia akamwita kwa jina la mumewe. Yule bwana akageuka. Hakuwa yeye.

Lakini jina alilijua. Hilo ndilo lililotumaliza. Angekuwa halijui, tungemtaka radhi tukarudi kukaa. Akauweka chini ule mpira wa maji, akamuuliza shangazi yeye ni nani wake.

"Mkewe."

Akaitazama ile hina, akaisikia harufu ya udi, na uso wake ukabadilika. "Bibi, kwani hamkupata khabari?"

"Khabari gani?"

"Tulifanya kazi pamoja, na tukafungwa chumba kimoja. Alikufa mwaka ule ule, kabla ya Idi Kubwa. Mimi ndiye niliyemkosha kabla ya kuzikwa. Wallahi nilidhani mmeshajua."

Shangazi hakulia. Aliuliza kama maji ya kumkoshea yalipatikana. Akaambiwa yalipatikana.

Baba alikuwa ametufuata. Yule bwana akamueleza upya, kwa sauti ya chini, na Baba akasema innalillahi. Shangazi akaanza kujifuta wanja kwa ncha ya buibui.

"Ndugu yangu, nirudishe nyumbani," akamwambia. "Nnataka kukaa eda."

Baba alikuwa mtu aliyesoma dini, na uwongo hakuuweza, hata ule wa huruma. "Dada, eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mtu, si tangu khabari ilipofika. Miezi minne na siku kumi zako zilipita zamani. Huna eda. Uko huru."

"Sikukuomba uhuru. Nimekuomba eda."

"Najua, dada."

"Hata siku moja haikubaki?"

Baba akatikisa kichwa. Nyuma yetu mtu alikuwa amepiga mpira tena, watu wakipiga makofi. Nilitamani Baba aseme uwongo, mara moja tu katika maisha yake, na nilimkasirikia kwa kutousema. Shangazi akamgeukia yule bwana wa maji.

"Ulimlilia?"

"Nilimlilia, bibi."

"Basi Mungu akulipe," akamwambia. "Sisi hatukujua."