Bahari Iliyokorogwa Chemchem

Katika miaka yangu ya ualimu nimewachapa watoto wawili watatu kwa kusema uongo, na kila mara nafsi ilinisuta. Uongo mkubwa kuliko wote uliopata kusemwa katika shule yetu ya Ipuli niliusema mimi, mbele ya wazazi, nikiwa nimevaa gauni la sikukuu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Tulikuwa tunaitana ndugu, tunalima shamba la shule pamoja na wanafunzi, na kila mtu alikuwa mwanachama wa kitu fulani. Mimi nilijiunga na chama ambacho Tabora nzima hakikuwa na mwanachama mwingine: chama cha elimu ya bahari. Kilianzishwa na walimu wa pwani na mabwana samaki wachache walioamini kwamba nchi yenye bahari haifai kuwa na watoto wasioijua, wawe wanakaa Tanga au Tabora. Walinikuta kwenye mafunzo ya likizo Dar es Salaam, wakanichukua ufukweni, wakaniambia niingie majini hadi magotini. Niliingia nikiwa nimenyanyua viatu juu kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Wimbi moja dogo likanipiga, nikapiga yowe, na mabwana samaki wakacheka mpaka wakakaa chini. Niliwanunia siku nzima. Jioni nikajaza fomu ya uanachama.

Nyumbani kwetu Chemchem habari ilipokelewa kwa mzaha. Nilianza kuitwa Mwalimu Bahari. Jirani yetu fundi viatu aliniuliza kila asubuhi kama maji yamejaa au yamekupwa, nami, kwa kuwa sina kifua cha utani kabla ya chai, nilimjibu vibaya kila asubuhi. Mtu mmoja tu hakucheka. Ni bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea, na ambaye kwa utani wa kwetu aliniita mke mwenzake.

"Waache wacheke, mke mwenzangu," alisema. "Wameiona wapi bahari hao? Mimi nimeionja."

Na kweli aliionja, au ndivyo tulivyojua sote. Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya misafara kwa miguu, kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, miezi kwa miezi. Safari moja, bibi akiwa mtoto mdogo, alimwahidi kwamba atamletea bahari. Akarudi amekonda, ana kibuyu kimoja kiunoni. Kabla hajakaa chini, kabla hajapewa hata uji, alikifungua kibuyu akamdondoshea binti yake tone ulimini. Akamwambia: "Haya, na wewe umefika."

Ungelazimika kuishi katika familia ya wapagazi kujua maana ya maneno hayo. Kwa watu wetu wa zamani, aliyefika pwani alikuwa mtu mwingine. Alisikilizwa kwanza, alikaa mbele, alikuwa na haki ya kumkatiza asiyefika. Bibi aliitumia haki hiyo kwa zaidi ya miaka sabini bila huruma. Msibani, harusini, kwenye mkutano wa balozi wa nyumba kumi, akiona maneno yanakwenda asivyotaka alisema, "Mimi nimeionja bahari," na watu walinyamaza. Hata babu, nasikia, alinyamaza.

Sasa, chama chetu kilikuwa na desturi moja niliyoipenda. Somo la kwanza la bahari lilianza kwa kuonja. Hakuna picha, hakuna ubao, mpaka kila mtoto awe amewekewa tone la maji ya bahari kiganjani na kulilamba. Shule za bara zilitumiwa sanduku kwa treni, lenye makombe, kipande cha tumbawe, mwani mkavu, na chupa moja ya maji iliyozibwa kwa kizibo. Mwaka ule chama kilitangaza pia kwamba kitapokea watoto kumi kutoka shule moja ya bara, wakae wiki nzima pwani wajifunze. Waliichagua shule yetu kwa sharti moja: wazazi wakubali wote mkutanoni, baada ya kuonyeshwa somo. Wakikataa, nafasi inakwenda shule nyingine.

Na wazazi walikuwa wanakataa. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba hakumzaa mtoto aje amezwe na maji yasiyo na ng'ambo. Watoto wangu kumi, waliokwisha kuchaguliwa, walikuwa hawali. Kila nikiingia darasani walinitazama usoni kujua kama kuna habari. Nilikuwa nawapenda watoto wale kwa kiasi ambacho sikuwahi kuwaonyesha.

Sanduku lilifika siku moja kabla ya mkutano. Pale stesheni karani wa mizigo alitaka lifunguliwe alikague. Nikamwambia hili ni la elimu. Akasema hata la elimu linafunguliwa. Angekuwa mtu mwingine angelifungua, ni misumari minne tu. Mimi nilishika upande wangu nikavuta, naye akashika wake, tukavutana mpaka likaanguka sakafuni. Hasira hasara. Nilipoinama kulinyanyua nikaona unyevu unatoka kwenye kona, nikajua ni bahari yangu inakwenda chini ya mizani ya stesheni.

Nyumbani nilitoa vipande vya chupa kimoja kimoja. Makombe yalikuwa salama, tumbawe lilikuwa salama. Maji hayakubaki hata ya kulowesha kidole. Kuandika barua pwani na kujibiwa kungechukua wiki mbili, na wazazi walikuwa wanakuja kesho yake saa nane. Bibi alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa. Nikasimama jikoni nikiangalia kopo lake la chumvi.

Ilikuwa chumvi ya Uvinza, kama chumvi ya nyumba zote za kwetu, ile inayotoka machimboni kule njia ya Kigoma. Nikachukua maji ya mtungini, nikachota chumvi, nikakoroga, nikaonja, nikaongeza. Nilijaribu kukumbuka ladha ya lile wimbi lililonipiga mdomoni, lakini siku ile nilikuwa na shughuli ya kupiga yowe. Nikaona yanatosha. Nikajaza chupa, nikaiziba kwa kizibo kilekile.

Jioni bibi alifunua kopo akatikisa kichwa. "Panya wa nyumba hii siku hizi wanakula chumvi," alisema. Nikainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Siku ya mkutano darasa lilijaa mpaka madirishani. Nilionyesha makombe, nilieleza tumbawe, na wazazi wakakunja mikono. Nilipotoa chupa, mzee mmoja akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi: "Ndugu Mwalimu, tutajuaje kama hayo ni maji ya bahari kweli?"

Bibi, aliyekuwa amekaa mbele kama ilivyo haki yake, akanyoosha kiganja. "Lete hapa. Mimi nimeionja."

Nilimdondoshea tone. Bibi anajua chumvi ya kopo lake, niliwaza, leo naumbuka. Akalamba. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ni ileile aliyoniletea baba. Haijabadilika."

Mkutano ukaisha hapohapo. Nani angembishia? Wazazi walipanga foleni kulamba tone moja moja kwa heshima, wakaweka dole gumba kwenye karatasi, na watoto wangu kumi wakatoka nje wanaruka. Mimi nilibaki darasani na chupa yangu. Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na sikuelewa ilikuwaje bibi akosee.

Nilielewa tulipofika pwani. Siku ya kwanza tu, msichana wangu mdogo kuliko wote alichota maji kwa kiganja, akalamba, akakunja uso. "Mwalimu, hii siyo ile ya kwetu. Hii inauma nyuma ya ulimi."

Nikamwambia anyamaze. Lakini bwana samaki alikuwa amesikia, naye alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Akawaambia watoto kwamba amesema kweli, kwamba bahari haina chumvi ya mboga peke yake, ina vitu vingine vingi vilivyosombwa na mito kutoka nchi kavu tangu dunia ilipoanza, na ndivyo vinavyoleta uchungu. Maji ya mito yenu ya bara nayo yamo humu, akasema. Watoto wakaniangalia. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia pale kwenye mchanga. Nikawaambia yote: karani, chupa, kopo la chumvi. Nilidhani wataniona si kitu. Walicheka, watoto wale, walicheka kama mabwana samaki, kisha yule msichana akauliza, "Na bibi je?"

Basi walijaza chupa kwa ajili ya bibi. Waliibeba kwa zamu ndani ya treni, wakaipakata usiku na mchana, na mimi sikuruhusiwa hata kuigusa. Walisema nina mkono mbaya na chupa.

Tulimkuta barazani anamenya karanga. Watoto wakapiga magoti, "Shikamoo bibi," naye akawaitikia marahaba mmoja mmoja, wote kumi, akiwauliza kama wamefika. Tumefika, bibi. Msichana akamdondoshea tone. Bibi akalamba kwa furaha ya mtu anayekutana na rafiki. Halafu akatema.

"Mmedanganywa huko," alisema. "Hii siyo. Ile ya kwanza ndiyo bahari."

Watoto wakanigeukia. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuelewa tangu pwani kwamba nikisema ukweli wangu nitasema na wa mtu mwingine, aliyekufa zamani, ambaye hakuwa na mtu wa kumtetea. Bibi alikuwa na kitu kimoja tu cha baba yake, na kitu chenyewe ni ladha ile. Nilimpenda kuliko chama, kuliko shule. Lakini watoto walikuwa wananitazama, na wiki ileile nilikuwa nimeanza kuwafundisha kwa kuwaambia ukweli.

"Bibi," nilisema, "ile ya kwanza niliikoroga mimi. Chupa ilivunjika stesheni. Ni chumvi ya Uvinza, ya kopo lako."

Aliacha kumenya. "Kumbe panya ni wewe."

"Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Bibi alitazama karanga zake, nami nilimwona akiirudia njia yote polepole, kutoka kwenye kopo lake mpaka kwenye kibuyu.

"Basi na yeye aliikoroga," alisema.

Nilikuwa tayari kumpigia magoti anisamehe. Yeye akamgeukia msichana. "Haya maji ya kweli, mtu akishikwa na kiu anaweza kuyanywa?"

"Hapana, bibi. Ukiyanywa kiu inazidi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Bwana samaki alisema yanaua."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. Akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake, kwa kuwa siku zote hadithi yake ilianzia kibuyuni. Alisema baba yake aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni Mgunda Mkali, pori lile kavu kati ya Ugogo na kwetu, ambalo misafara ililipita mbio kwa kukosa maji. Safari ile waliondoka wengi kijijini, wakarudi wachache. Wengine walibaki mle porini, kwa kiu.

"Na yeye alikuwa na kibuyu kimoja," alisema bibi. "Kimoja tu. Nilikiona mwenyewe."

Akachukua karanga moja, akaimenya, akampa msichana.

"Aliyamwaga," alisema. "Aliyamwaga ya bahari, akatia maji ya kunywa, akafika. Halafu alipokaribia nyumbani akaona aibu kuja kwa mwanawe mikono mitupu, akakoroga chumvi hukohuko njiani." Hapo akaanza kucheka, kicheko kilichomtoa machozi mpaka akajifuta kwa kanga. "Mwongo yule! Miaka yote hii nimewanyamazisha watu kwa chumvi ya Uvinza!"

Tulicheka naye, watoto wakagaragara barazani, na mimi nililia bila kujificha. Fundi viatu alitoka nje kuuliza kuna nini, nikamwambia maji yamejaa.

Watoto walipoaga, bibi aliwarudishia chupa. "Hii pelekeni shuleni," alisema. "Ndiyo ya kweli, ndiyo ya kufundishia." Tuliiweka juu ya kabati la darasa, na kila mwaka, kabla ya picha na ubao, watoto wapya walionja tone moja, wakakunja uso.

Lakini siku ile, tulipobaki wawili, alinisukumia kopo la chumvi kwa mguu.

"Haya, mke mwenzangu," alisema. "Nikorogee ile ya baba."